Miaka Thelathini na Minne ya Nyaya: Mzee Privatus Lwegasira Anapumzika

Jumatano tarehe 30 Juni 1999, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Privatus Lwegasira, Fundi Mkuu wa Simu na Mtandao wa Kompyuta, alitoka kwenye geti letu la Nyamagana akiwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi mitano ya kazi. Aliajiriwa Februari 1965. Katika muda huo kibao cha getini kimeandikwa upya mara mbili: tulikuwa kampuni ya mtu binafsi, tukawa Shirika la Maghala ya Ziwa, na tangu mwaka jana ni kampuni ya mtu binafsi tena. Mzee Privatus hakubadilisha hata meza.

Ijumaa hii tunamuaga rasmi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Mihayo wa kitengo cha mtandao, niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi kwa karibu zaidi na kwa kuwa meza hiyo sasa ni yangu. Nimekubali kwa furaha. Naomba tu wasomaji wanivumilie, kwa sababu kuna mahali katika habari hii nami nimo, na si mahali pa kujivunia.

Mzee alizaliwa mwaka 1939 Kamachumu, Kagera, akasoma shule ya misheni, akavuka ziwa kuja Mwanza kutafuta kazi. Hakuwahi kutuficha kwamba amesoma, na sisi Wasukuma tulimsikiliza kwa adabu, kisha tukacheka akiondoka. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia fundi wa ubao wa simu, ule wa kuchomeka na kuchomoa nyaya kwa mkono. Pale alijifunza jambo ambalo alilirudia mpaka wiki iliyopita: mtu akisema simu ni mbovu, mara nyingi simu ni nzima na waya ndio umechomoka. Mwaka 1971 akawa fundi kamili. Miaka ya themanini, vipuri vilipoadimika, aliweka hewani redio za upepo za kuzungumza na maghala yetu tisa kwa kuchuna nyaya za mitambo iliyokufa. Wazee wa bohari wanasema hakuna kitu kilichotupwa bila yeye kukipekua kwanza.

Halafu mwaka 1993 zikaja kompyuta. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, wafanyabiashara walitaka kujua mzigo wao uko ghala gani leo, si baada ya wiki mbili, na shirika likaletewa mashine kumi na moja pamoja na moja kubwa ya kuzihudumia zote, ambayo tuliizoea kwa jina la seva. Aliyetakiwa kwenda kozi Dar es Salaam alikuwa kijana mmoja aliyeacha kazi wiki hiyohiyo. Mzee Privatus akajitolea. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na darasani walimwita babu. Baada ya wiki sita babu alirudi na cheti, koleo ya kubania nyaya na boksi la waya mweusi, akaanza kupanda juu ya dari.

Kwa wale waliokuja baadaye, mtandao ule wa kwanza ulikuwa waya mmoja tu, uliotoka mashine hadi mashine katika vyumba vitatu, na kila ncha ya waya ilikuwa na kizibo kidogo cha chuma. Kizibo kikitoka, mashine zote zinanyamaza kwa pamoja. Hilo tulilijua baada ya Bwana Luhaga wa bohari, ambaye ameniruhusu kumtaja, kukiondoa kwa sababu kilikuwa kinamkwaruza goti. Alikiweka kwenye droo vizuri kabisa, akaendelea na chai. Ofisi nzima ikasimama. Wakubwa wakaanza kuzungumzia kuita mtaalamu kutoka Dar kwa ndege.

Mzee hakugusa kompyuta hata moja. Aliukata mtandao katikati, akaziba ncha mbili kwa vizibo vyake vya akiba, akatazama upande upi umefufuka. Upande uliobaki kimya akaukata tena katikati. Mara ya tatu alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya Luhaga. Dakika ishirini. Njia hiyo ya kugawa tatizo nusu kwa nusu ndiyo aliyotufundisha sote, na mpaka leo sijaona nyingine inayoishinda.

Alikuwa na daftari kubwa la kaunta lenye jalada jeusi, na kila hitilafu aliiandika: tarehe, mashine namba ngapi, nani aliripoti, iligundulika nini. Nimelihesabu kwa ajili ya wasifu huu. Kuna hitilafu mia nne na kumi na nane. Mia mbili thelathini na moja zilikuwa umeme au waya uliolegea. Tisini na sita zilikuwa watu waliosahau maneno yao ya siri. Kompyuta yenyewe kuharibika ni mara tisa. Fundi yeyote anayetaka kuifahamu kazi hii aanzie kwenye hesabu hiyo, aache kukimbilia bisibisi.

Hakuna neno lililomkera kama "imegoma tu". Ukimwambia mashine imegoma, alivuta kiti, akakaa, na hakuinuka mpaka umjibu maswali matatu: ulikuwa unafanya nini, mara ya mwisho ilifanya kazi lini, na kuanzia hapo nini kimebadilika. Wengine walimwona mkali, na kwa kweli alikuwa mkali. Lakini aliyejibu vizuri msimu wa senene alipewa kopo la panzi hao waliokaangwa, lililotoka Kamachumu, na wapo waliojifunza kuripoti hitilafu kwa sababu ya kopo hilo.

Nisisahau chandarua. Msimu ambao wadudu wa ziwani hupanda kama moshi mzito na kuingia kila dirisha, waliingia pia kwenye feni ya seva, wakaiziba mara mbili kwa mwezi mmoja. Mzee akazungumza na mkewe, Mama Felicitas, na Jumatatu iliyofuata seva ya shirika ilikuwa imelala ndani ya chandarua kilichoshonwa kwa kipimo chake, chenye pindo la buluu. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu alikitazama kwa muda mrefu, akaandika katika ripoti kwamba kitengo kina ubunifu. Feni haikuziba tena.

Sasa nifike pale nilipoomba mnivumilie.

Mnajua tunavyoitana. Hakuna mtu hapa ofisini anayemwita Gladness Chenge kwa jina lake. Tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza yeye ni Mama Queen. Luhaga ni Baba Kija. Ndivyo tulivyolelewa. Tulipoambiwa mwaka 1993 kila mmoja achague neno lake la siri, neno ambalo hatalisahau, kila mzazi aliandika jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo neno la siri la Mama Queen lilikuwa "queen" na la Baba Kija lilikuwa "kija", na ukimsalimia mtu kwenye korido ulikuwa umeshaifungua kompyuta yake. Hatukuona tatizo. Tulikuwa ndugu.

Novemba 1995, siku ya Alhamisi asubuhi, Mama Queen alipata habari kwamba mama yake mdogo amefariki Magu. Huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Kanuni za shirika zilitoa ruhusa ya msiba kwa mume, mke, mtoto na wazazi basi, na wakubwa wenye uwezo wa kulegeza kanuni walikuwa safarini. Tukamwambia aende azike. Kama ilivyo desturi yetu, tukagawana kazi yake ili isionekane imelala. Sehemu yangu, nikiwa bado sijaingia kitengo cha mtandao, ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta mizigo inayotoka. Nikakaa kwenye mashine yangu, namba saba, nikaandika "queen", nikafanya kazi kwa jina lake. Kila kituo kilikuwa na namba yake. Nansio, kule Ukerewe, ilikuwa 14 na Geita 41. Kwenye magunia mia mbili ya mbegu za mahindi ya wakulima wa Ukerewe nikaandika 41.

Mbegu zikaenda Geita. Mvua ikaanza kunyesha Ukerewe, na watu walisubiri siku tisa na mashamba yao yamelimwa tayari. Mteja akaandika barua kali, na alikuwa na haki ya kuiandika. Wakubwa wakafungua kumbukumbu za seva, wakakuta jina la Mama Queen. Akapewa barua ya uzembe na kuitwa kwenye kikao cha nidhamu. Kila mtu alijua kwamba orodha ya watakaopunguzwa kazini inaandaliwa, na kwamba mwenye barua ya uzembe atakuwa juu ya orodha. Mama Queen ni mjane. Alikuwa na watoto watatu shuleni na hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia.

Hakuweza kujitetea kwa kusema hakuwepo, maana kusema hivyo ni kukiri kwamba aliondoka bila ruhusa. Sisi tuliojua tulikaa kimya ili tusimharibie zaidi. Hivyo ndivyo tulivyoambizana. Mimi nilikuwa na sababu ya pili ya kunyamaza, na sababu hiyo ilikuwa woga. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mke mjamzito, na nilikuwa naangalia mwanamke aliyenipikia uji nilipougua malaria akikaribia kufukuzwa kwa kosa la vidole vyangu. Naona aibu mpaka sasa ninapoandika.

Mzee Privatus aliombwa na wakubwa athibitishe kwamba mtandao haukukosea. Alifanya kama anavyofanya siku zote. Alianza na umeme, akapima waya mzima, akapima mashine moja baada ya nyingine. Kisha akachapa kumbukumbu za seva kwa ukamilifu wake, kwa sababu seva haitunzi jina tu, inatunza pia saa na mashine iliyotumika. Akalinganisha na daftari lake jeusi, ambamo kila mashine ilikuwa na namba na mwenyewe.

Asubuhi ya kikao alikuja mezani kwangu na karatasi imekunjwa mara mbili.

"Mihayo, waya ni mzima na mashine zote ni nzima," alisema. "Karatasi hii inataja namba saba. Kikao kinaanza saa nne, na mimi nitaitwa saa nne na nusu."

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kama nitafukuzwa.

"Inawezekana," alisema. "Lakini nitakuwa nimekaa pembeni yako."

Akaenda kunywa chai. Ingekuwa rahisi kwake kuipeleka karatasi ile moja kwa moja, na hakuna ambaye angemlaumu. Alinipa saa moja na nusu ya kuwa mtu, na nawaambia ukweli, nusu yake ya kwanza niliipoteza chooni.

Saa nne niliingia kabla sijaitwa, nikasema yote. Mama Queen akalia, akasimama, akasema mwenyewe kwamba alikuwa Magu anamzika mlezi wake. Meneja Utumishi wetu wa wakati ule, Bwana Yakobo Mashimba, alichukua kalamu aandike. Ndipo Mzee Privatus akaomba yaandikwe makosa yake kwanza. Alisema amejua kwa miaka miwili kwamba maneno yetu ya siri ni majina ya watoto, na hakukataza kwa sababu aliogopa kuonekana hawaamini wenzake. Fundi anayejua mlango uko wazi na akanyamaza, alisema, naye yumo.

Bwana Mashimba akauliza ni wangapi mle ndani wanaojua neno la siri la Mama Queen. Tulikuwa watu saba. Mikono saba ikanyanyuliwa, wa Mama Queen ukiwemo, na wa Bwana Mashimba mwenyewe ukiwa wa mwisho. Kuanzia hapo ilikuwa vigumu kumfukuza mtu kwa neno ambalo hata meneja analo.

Mimi nilipata onyo la maandishi, na lipo kwenye jalada langu mpaka leo. Mama Queen alifutiwa barua ya uzembe, akapewa onyo la kuondoka bila ruhusa, nalo lilifutwa miezi mitatu baadaye, kanuni ya msiba iliporekebishwa na kuongezwa maneno "au aliyemlea mtumishi". Nilimwomba radhi siku ileile. Alinisamehe, ila kwa mwezi mzima hakunipa uji.

Wiki iliyofuata Mzee aliingia chumba kwa chumba. Majina ya watoto yakafutwa, pamoja na ya wake, ya vijiji na miaka ya kuzaliwa. Alitufundisha kila mmoja atafute sentensi ya maisha yake ambayo hajawahi kumsimulia mtu, achukue herufi ya kwanza ya kila neno, achanganye na tarakimu zisizohusiana naye. Isiandikwe kwenye karatasi chini ya kibodi. Asiambiwe mtu, awe rafiki, meneja au mzee. Hilo la mwisho ndilo lililotushinda, kwa kuwa hatukulelewa kumnyima mzee kitu alichoomba kwa upole.

Kwa hiyo akatufanyia mazoezi. Alipita na mvi zake, akasubiri shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, kisha akaomba neno la siri kana kwamba anaomba kalamu. Aliyempa aliosha vikombe vya chai vya ofisi nzima siku hiyo. Niliosha mara nne. Bwana Mashimba aliosha mara mbili, na watu walitoka hadi uani kumtazama. Mama Queen hakuosha hata mara moja. Yeye ndiye wa kwanza kumwambia, "Shikamoo tena, Mzee, lakini sikupi." Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

Mwaka 1996 orodha ilitoka. Kati ya wafanyakazi mia moja na arobaini, sitini na wawili waliondoka, na wengi walikuwa watu wazuri tunaowakumbuka. Kitengo cha mtandao kiliruhusiwa msaidizi mmoja. Mzee aliombwa apendekeze jina na akaniandika mimi. Kuna waliosema amemkabidhi fisi bucha. Yeye aliwajibu kwamba anamhitaji mtu anayejua kosa linavyopita, na akafunga mjadala. Miaka iliyofuata tuliondoa waya mmoja wa zamani, tukaweka mtandao ambao kila mashine ina waya wake, na mwaka jana tukaunganisha maghala ya Bukoba na Musoma kwa simu. Mafundi sita wa kampuni nyingine za hapa mjini wamepita mikononi mwake, na wote wanauliza yale maswali matatu.

Mama Queen yupo. Ni msimamizi wa mizigo inayotoka, na Queen mwenyewe mwaka huu anasoma ualimu Butimba.

Jumatano iliyopita ilibaki kazi moja. Kuna neno la siri moja kubwa, linalofungua seva na kila kilichomo, ambalo tangu 1993 lilijulikana na Mzee peke yake, pamoja na bahasha iliyofungwa kwa lakiri katika sefu ya meneja mkuu. Saa tisa kasoro alinikalisha kwenye kiti chake, akaingiza neno lake kwa mara ya mwisho, akanifungulia mahali pa kuandika jipya. Nilianza kumwambia nilichokichagua. Nilitaka akijue. Mtu huyu aliniona siku nilipokuwa mdogo kuliko siku zote za maisha yangu na akanibakisha. Nilitaka walau neno hilo tuwe nalo wawili, kama mtoto anavyomwonyesha baba daftari lake.

Alinyanyua mkono nisiendelee. Akachukua koti lake, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, nikabaki peke yangu na seva.

Niliandika. Nikaandika mara ya pili kuthibitisha, nikalinakili kwenye karatasi, nikaiweka katika bahasha mpya na kuifunga kwa lakiri. Nilingoja lakiri ipoe, kwa hiyo nilichelewa kidogo. Nilipofungua mlango nimwambie tayari, korido ilikuwa tupu. Nilimwona kupitia dirishani, yuko getini anaagana na mlinzi, koti begani, hageuki. Hakusubiri kuhakikisha kama nimeweza.

Mzee wetu, sikukwambia ahsante siku ya kikao, wala miaka minne iliyofuata, kwa sababu kila nilipojaribu uliniuliza waya wa Bukoba unasemaje. Nakwambia leo, kwa maandishi, mbele ya wenzangu wote: ahsante. Kampuni inakushukuru, Mama Queen anakushukuru, na sisi wa kitengo tunakushukuru kwa jasho lako la miaka thelathini na minne. Upumzike vizuri nyumbani Pasiansi na kule Kamachumu, wewe na Mama Felicitas, mkiwa na afya njema na wajukuu wa kutosha kukuchosha. Huku mtandao unafanya kazi. Nimeupima asubuhi ya leo.